Mkono wa Kushoto wa Akello

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na kalamu mpya mfukoni, nilipomkata binti wa watu kwenye timu kwa mistari minne tu. Juzi uliponiletea karatasi yako kuhusu yule gadi kijana wa timu yenu ya kikapu, ukaniambia Jumatatu unaipeleka kwa wakubwa wa klabu, nilifurahi mpaka nikasahau maji jikoni. Unaandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi. Halafu nikafika kwenye upande wa udhaifu, nikaona heri nikuite ukae hapa, unywe chai, nikusimulie habari yangu kabla hujaniponyoka.

Siku hizo timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kulipa mishahara, na nafasi ya gadi iliyokuwa wazi ilikuwa moja. Gadi ndiye anayeupandisha mpira na kuwapangia wenzake, kwa hiyo hatukutaka kukosea. Wasichana sita waliitwa kwa majaribio ya wiki moja, na Jumamosi jina lingetajwa. Kocha alikuwa sajenti mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita Afande. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kuwatazama wachezaji na kuandika uwezo na udhaifu wa kila mmoja. Na nilivyojiona! Nilitembea mtaa mzima wa Ntinda na daftari kwapani, makusudi watu wanione.

Mmoja wa wale sita alikuwa Akello, miaka kumi na tisa, binti wa askari, amezaliwa na kukulia kambini. Yule mtoto alikuwa na mbio, nakuambia! Alitoa pasi kabla mwenzake hajajua kwamba yuko wazi. Akikukaba, unatamani mechi iishe. Nilijaza upande wa uwezo mpaka nafasi ikaisha. Kisha nikahamia upande wa pili: mkono wa kushoto hana. Akizibwa kulia anasimama. Kutupa kwa mbali hawezi. Hafundishiki. Hilo la mwisho niliandika kwa sababu nilimwambia mara tatu aende kushoto, na mara zote tatu akarudi kulia. Chini nikaandika "asisajiliwe" na kupiga mstari.

Kibaya zaidi, sikunyamaza. Nilimwambia gadi mkongwe wa timu, kwa kujidai tu, kwamba yule mzibe kulia, kazi yake imekwisha. Kufikia jioni timu nzima inajua.

Kesho yake Afande aliisoma karatasi yangu mara mbili, akavua miwani.

"Zainabu, wewe nafika kwao huyu mtoto?"

"Hapana, Afande."

"Kale, sawa. Basi hii karatasi yako iko nusu. Beba mpira, twende."

Tukaenda kambini kwao. Nyuma ya nyumba za askari palikuwa na goli moja, ringi kwenye nguzo ya chuma. Upande wa kulia ardhi ilikuwa imefagiliwa, kavu, sawa kabisa. Upande wa kushoto, hatua mbili kutoka kwenye nguzo, ulipita mtaro ulio wazi, umejaa maji ya sabuni kutoka pale wanawake walipokuwa wakifua. Mbele ya goli, hatua tano tu, palikuwa na ukuta wa stoo. Hata ungetaka kutupa kwa mbali, ungesimama wapi?

Mimi bado sikuelewa. Afande akanirushia mpira.

"Enda kushoto," akasema.

Nikaenda, mwanangu, kwa mbwembwe zangu zote, nikiangalia ringi. Mguu mzima ukaingia kwenye maji ya sabuni mpaka gotini. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akaiacha nguo aliyokuwa akiikamua.

"Banange! Mwalimu nafua viatu!" akasema. "Hapa watoto yote napita kulia. Ile ya kushoto naleta matope ndani ya nyumba, tunachapa yeye."

Nilisimama pale na kiatu kimoja kinachuruzika, na nikaona kilikotoka kila nilichokiandika. Nilitamani mtaro ule unifunike. Lakini pamoja na aibu, damu ilinichemka kwa furaha, maana kama ugonjwa ni huu, dawa ipo!

"Siku ngapi imebaki?" Afande akauliza.

"Leo, kesho na keshokutwa."

"Iko mingi."

Tulimchukua Akello mchana uleule mpaka kwenye uwanja wetu. Afande alipanga mabenchi ya wachezaji upande wote wa kulia, kuanzia katikati ya uwanja mpaka chini ya goli, akamwambia apite anapotaka. Hapakuwa na pa kupita ila kushoto. Mara ya kwanza alidunda hatua mbili akasimama ghafla, akatazama chini, kwenye sakafu kavu kabisa. Mguu ulikuwa unakataa. Nikaenda kusimama pale pale alipoogopa kukanyaga, nikarukaruka ili auone ukavu, naye akacheka. Tulifanya hivyo hadi Ijumaa, na mpira ulivyomponyoka, mwanangu, tuliukimbilia hadi barabarani.

Jumamosi ikafika. Wasichana sita wamechanganywa na wachezaji wetu, timu mbili, wakubwa wa klabu wamekaa mbele. Yule mkongwe akamzibia Akello upande wa kulia tangu mpira wa kwanza, na nilijua nani aliyemfundisha. Akello akaenda kushoto, akanyang'anywa. Akaenda tena, mpira ukamgonga mguuni ukatoka nje. Mmoja wa wakubwa akafunga daftari lake. Kama angerudi kambini siku ile, mimi ndiye ningekuwa nimemrudisha.

Mara ya tatu hakutazama chini. Alimpita mkongwe kushoto, hatua moja, ya pili, akauinua mpira kwa mkono uleule niliosema hana! Ukagonga ubao, ukazunguka kwenye ringi, ukakaa kidogo kama unafikiri, ukaingia. Nilipiga kelele mpaka mwamuzi akanionya. Afande aliyekuwa kando yangu hata hakusimama. Alinipa kalamu tu.

"Andika upya," akasema.

Sikuandika kwamba udhaifu umekwisha, maana haukuwa umekwisha. Niliandika: "Mkono wa kushoto una umri wa siku tatu." Wakubwa waliisoma, wakaulizana, wakamwita Afande awaeleze. Jioni jina lililotajwa lilikuwa la Akello.

Nikamfuata kumwomba radhi, nikamwambia yote, pamoja na lile la mkongwe. Hakukasirika. Aliutazama mkono wake, akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanichoma: "Kochi, ata mimi nilidhani Mungu aliniumba na mkono moja."

Ndiyo maana nimekuita. Umeandika kwamba kijana wenu anaogopa kugongana na wenye miili mikubwa. Inawezekana ni woga kweli, na kama ni woga, uandike, usimfichie. Kumfichia ni kumwacha aumbuke mbele ya watu. Lakini wewe umemtazama kwenye uwanja wenu tu. Nenda kwao Kasubi, uone anapochezea, uulize alianza kucheza na nani na aliumia lini. Usiandike "hawezi" pale unapojua tu kwamba hajawahi. Na neno "hafundishiki" usiliandike kamwe kabla hujajaribu kufundisha. Kijana ataisoma karatasi yako siku moja, mwanangu, na ataiamini.

Jumatatu bado. Maliza chai uende. Mungu akubariki, ayabariki macho yako na mkono wako unaoandika, na yule mtoto ambaye hajui kwamba uko njiani unakuja kwao, Mungu ambariki zaidi.