Kitinda Mimba Aliyekataa Nyama

Mwaka ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, Nairobi nzima ilipokuwa ikila ugali wa rangi ya nta na kunung'unika, mimi nilikuwa nimeolewa na mtu mwenye nyama. Alikuwa na bucha pale soko la Burma, na jiko la kuchomea nyuma yake, na tumbo lililomtangulia mlangoni. Kanisani alikaa kiti cha mbele. Sala yake ya kubariki chakula ilikuwa ndefu kiasi kwamba mchuzi uliganda sahanini. Watu waliniambia nimebahatika. Watu husema hivyo juu ya mwanamke yeyote ambaye mumewe ana friji.

Tuliishi Jericho, vyumba viwili vya chini, madirisha yana vyuma. Nilikuwa nimemwomba ruhusa nikajifunze kushona kwa cherehani, naye akakubali mbele ya mchungaji, kwa sababu mbele ya mchungaji alikubali kila kitu. Kisha mtu akamwambia ameniona barabarani nikicheka na wenzangu wa cherehani. Asubuhi iliyofuata alivikusanya viatu vyangu vyote, akavifungia kwenye sanduku lake la bati, akatoka na kufunga mlango kwa nje na kufuli.

"Mke wa mtu hacheki barabarani," aliniambia dirishani, kwa upole, kama anayeniaga aende kazini.

Choo kilikuwa ndani, maji yalikuwa ndani, chakula tele. Kwa hesabu yake hakuna alichonipunguzia. Nilipopiga kelele siku ile ya kwanza, majirani waliongeza sauti za redio. Walikuwa watu wazuri sana, majirani wale. Ukifiwa walikuja na sufuria. Lakini mambo ya mume na mke waliyaogopa kuliko kipindupindu. Ni mmoja tu aliyekuja dirishani, mama wa nyumba ya pili, aliyeuza sukuma wiki na nyanya nje ya bucha ya mume wangu. Hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Mama yako anakaa wapi?"

Nikamwambia Kaloleni. Akafunga leso yake kiunoni, akaenda.

Sasa nieleze juu ya ndugu zangu, maana nilikuwa na ndugu watatu, na baba alikuwa ameshafariki.

Wa kwanza alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Alivaa tai hata siku ya kufua. Baba alipokufa alirithi kiti chake na kikohozi chake, kile cha kutaka watu wanyamaze. Wa pili alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mwenye kifua, mwenye hadithi, na kila hadithi ilikuwa na mtu aliyepigwa akalala. Wa tatu, kitinda mimba, alikuwa akichonga wanyama wa mbao katika kibanda kimoja huko Shauri Moyo. Nasema akichonga, kwa kweli wengine ndio waliochonga, yeye alipiga msasa. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini nyumbani alitumwa chumvi kama mtoto. Alisema polepole, neno moja likisubiri lingine. Ukimchekesha Jumatatu alicheka Jumatano. Kaka mkubwa alimwita "kazi ya Mungu," na hakumaanisha sifa.

Kaka mkubwa ndiye aliyekuja kwanza, Jumapili baada ya ibada, Biblia kwapani. Mume wangu alimpokea kwa mikono miwili. Nilipelekwa jikoni nikapike, nikasonga ugali mweupe, unga ambao wakati ule uliutafuta mjini kama dawa. Nikapeleka mbavu za mbuzi. Nilimsikia kaka akisema, "Shemeji, tumesikia kuna kutoelewana kidogo." Kisha sikusikia tena kitu ila mifupa. Walipomaliza alinifuata jikoni, mafuta yaking'aa kwenye tai.

"Dada, vumilia," alisema. "Nyumba ni ya mwanamke."

"Kama ni yangu, ufunguo uko wapi?"

Akakohoa kikohozi cha baba. Akaondoka na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, na mlango ukafungwa nyuma yake. Nilimwona dirishani akikipandisha kile kifurushi kwapani, juu ya Biblia.

Wa pili alikuwa amemwahidi mama kwamba atauvunja mlango kwa bega. Huenda angeuvunja. Lakini alipitia Burma kwanza, ati amwonye shemeji yake kiume, na shemeji akamwekea mezani kilo za nyama choma na bia baridi. Alasiri alifika dirishani kwangu, macho mekundu, akashika vyuma kana kwamba yeye ndiye aliyefungwa.

"Shemeji ni mtu poa sana," alisema. "Tumeongea. Hata mimi ningekuwa na mke mzuri hivi, ningemfungia."

Alifikiri amenisifu. Mkononi alikuwa na maini, bado yanachuruzika damu, na nzi walimsindikiza hadi barabarani.

Yaliyotokea Kaloleni baadaye alinisimulia mama. Maini yalipikwa. Kaka wote wawili walikuwapo, wakieleza jinsi jambo lilivyoshughulikiwa. Mdogo wao akatengewa sahani, akaitazama.

"Mmeleta nini kutoka Jericho?" aliuliza.

"Si unaona? Nyama."

"Na dada?"

Wakaendelea kutafuna. Akaisukuma sahani katikati ya meza. Akasema kesho atakwenda yeye. Wakacheka hadi kaka wa pili akapaliwa. "Utaenda kufanya nini?" akauliza kaka mkubwa. "Utamchongea twiga?" Mama naye, Mungu amsamehe, alimwambia akae, asiende kuharibu lile ambalo wakubwa wamelitengeneza.

Niliyoyakosa pale buchani nilisimuliwa na yule mama wa sukuma wiki, aliyekuwa ameketi na nyanya zake hatua chache kutoka mlangoni, akiona yote.

Ndugu yangu alifika bucha ilipofunguliwa, akaketi kwenye benchi la wateja. Mume wangu alimkaribisha kama alivyowakaribisha wenzake. "Shemeji, karibu. Leo kuna mguu mzuri."

"Sikuja kula. Nimekuja kuchukua ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa nyumba. Umemfungia dada yangu."

Mume wangu akacheka, akamwekea sahani hata hivyo. Alikuwa na imani zaidi na nyama kuliko aliyokuwa nayo na Mungu, na hadi siku ile ilikuwa haijamwangusha. Ndugu yangu hakuigusa. Ilipoa, ikaganda mafuta, paka akaja. Wateja wakaanza kuingia, na kwa kuwa benchi ni moja, wakaanza kumsalimu.

"Niaje, kijana? Unangoja iive?"

"Nangoja ufunguo. Dada yangu amefungiwa nyumbani na huyu mwenye bucha."

Hakupaza sauti. Hakulia wala hakutukana. Mtu aliyekuja baadaye akiuliza, alimjibu maneno yale yale, kwa mwendo ule ule wa pole, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine. Kaka zangu wangetafuta maneno mazuri, na katika kuyatafuta wangeona aibu. Huyu hakujua kwamba kuna jambo la kuonea aibu isipokuwa lile lililofanyika Jericho.

Jioni alirudi nyumbani. Asubuhi alikuwa benchini tena. Mume wangu akamtishia polisi. Akasema vizuri, waje, atawaambia nao. Akawaamuru vijana wake wa kazi wamtoe nje. Wakamtoa, akaketi chini kando ya nyanya, akitazama mlango. Siku nyingine akamwagiwa maji ya kuoshea matumbo. Akajipangusa uso, akaendelea kukaa akinuka, na wateja waliouliza harufu ni ya nini waliambiwa, pamoja na habari za ufunguo.

Kwangu Jericho mume wangu alianza kurudi akiwa kimya. Hakusali tena kabla ya kula. Usiku mmoja aliniuliza, "Ndugu yako ana kichaa?" Ndipo nilipojua kuna jambo. Nilidhani ni yule wa lori amepata akili. Wa tatu hakunijia kichwani hata kidogo, na dirisha halikunionyesha kitu.

Basi ikafika Jumamosi, siku ya Burma kujaa, watu wametoka kupokea mishahara, moshi umetanda. Mke wa mzee mmoja wa kanisa akaja kununua nyama, akamkuta ndugu yangu chini, akamuuliza, akajibiwa. Yule mama akaingia, akaulizia bei, akaangalia mnofu uliokwisha kupimwa na kufungwa, akaurudisha juu ya ubao. "Leo nitakula maharagwe," akasema. Hiyo ndiyo iliyomtoa mume wangu nyuma ya ubao. Alitoka na panga lake la kukatia mifupa, akampiga ndugu yangu kwa ubapa, shavuni. Jino likatoka. Ndugu yangu akaanguka juu ya nyanya za watu, akainuka, akaketi palepale, mdomo umejaa damu.

"Ufunguo," akasema.

Ningependa kuandika kwamba watu wa Burma walisimama kwa hasira na kumtetea. Hawakusimama. Walikuwa na nyama jikoni. Wanaume wenye misuli ya kubeba ng'ombe mzima walikaa wakichezea vijiti vya meno. Kisha mmoja wao, utingo fulani aliyekuwa ameshiba, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Budaa, si umpatie huyu chali ufunguo, tukule kwa amani!"

Watu wakaangua kicheko. Hicho tu. Benchi zima likacheka, wachomaji wakacheka, hata vijana wake wa kazi wakageuza nyuso ukutani mabega yakitikisika. "Mzee anaogopa bibi atatoroka!" mwingine akaongeza, na kicheko kikapanda. Yule bwana aliyeweza kustahimili mchungaji, shemeji zake na dhamiri yake mwenyewe, hakuweza kustahimili kuchekwa na walaji. Akaingiza mkono mfukoni, akautupa ufunguo matopeni.

"Mchukue! Mchukue takataka yako!"

Ndugu yangu akauokota, akaupangusa kwenye suruali. Akainama tena, akaanza kuokota nyanya za mama wa sukuma wiki, moja moja, hadi mama mwenyewe akamfukuza: "Wewe, nenda! Kabla hajabadilisha nia!"

Niliposikia kufuli likifunguliwa nilirudi nyuma hadi ukutani, nikidhani ni mwenyewe. Mlango ukafunguka, nikamwona kitinda mimba wetu, shavu limevimba kama amefutika yai, shati lina damu na harufu ya utumbo.

"Dada, twende," alisema.

"Nani amekutuma?"

Alifikiri. "Hakuna."

Sikuwa na viatu. Sanduku la bati lilikuwa na kufuli lake, na ufunguo wake haukutupwa. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vyeusi vya mume wangu vya kanisani, vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Nikavivaa. Tukatoka mchana kweupe, tukaifuata Jogoo Road, mimi nikiburuta viatu vikubwa kama vya askari, na majirani waliojificha nyuma ya redio zao sasa wakiwa wote nje, wananipungia mkono na kuniuliza habari za nyumbani. Sikuwaitikia. Nilipokaribia Kaloleni nikavivua viatu, nikavitupa mtaroni, nikaingia kwa mama kwa miguu mitupu.

Wiki haikupita, kaka mkubwa akaitisha maombi ya shukrani. Alikaa kwenye kiti cha baba, akakohoa, akasema Mungu ameitumia familia hii, na kwamba mazungumzo aliyoyaanzisha yeye yamezaa matunda. Kaka wa pili akaeleza jinsi alivyomshika yule bwana shati na kumpa onyo la mwisho. Kisha kaka mkubwa akamgeukia mdogo wake, ambaye shavu lake bado lilikuwa jeusi, akamwambia alete maji wageni wanawe mikono. Naye akainuka kuyaleta.

"Keti," nikamwambia. "Wataosha wenyewe." Kisha nikawageukia wale wawili. "Wewe ulikula mbavu. Wewe ulikula maini. Huyu alipigwa panga. Basi tusimchoshe Mungu kwa uongo."

Mama akasema nisiwavunjie heshima wakubwa wangu. Kaka mkubwa akawaambia wageni kwa huruma, "Ana uchungu, mmwelewe," kisha akaanzisha wimbo. Tangu siku ile niliwasalimu misibani tu.

Yule bwana hakupatwa na lolote. Watu wanapenda nimalizie kwa kusema bucha ilifungwa, lakini haikufungwa. Wenye njaa ni wasahaulifu. Alioa tena, kanisani, kiti cha mbele. Mimi nilijifunza kushona nikapata kazi kiwandani Industrial Area, nikawa natembea asubuhi na wanawake wa Mukuru, tukicheka barabarani kwa sauti za juu kadiri mapafu yalivyoruhusu.

Ndugu yangu hakuwahi kuisimulia hadithi hii. Aliendelea na msasa wake, baadaye akapewa patasi, akaoa mwanamke anayesema haraka kwa ajili ya wote wawili. Miaka mingi baadaye, nikimpimia suruali aliyokuwa ameniletea nimshonee, nilimuuliza kama siku zile za bucha hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Kila asubuhi nilitapika kwanza."

"Basi kwa nini ulirudi?"

Akageuka nimpime upande wa pili.

"Ulikuwa bado uko ndani," akasema.