Mtu Si Maharagwe

Mimi sikusomea ualimu. Niliitwa kushikilia darasa la nasari ya kanisa kidogo tu, mwenye darasa akaenda kujifungua, mpaka wa leo hajarudi. Kazi nilijifunza kwa kuangalia na kwa kukosana na watu. Kwa hivyo mtu asiniambie vile nilipaswa kufundisha Pasaka. Nilifundisha na kile kilikuwa karibu: mchanga wa Isiolo, makopo ya siagi na maharagwe.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kimekaa. Vumbi ilikuwa inaingia mpaka kwa uji. Nikawaambia watoto, siku ya tatu ya uumbaji Mungu aliambia ardhi itoe nyasi, na nyasi ikatoka. Yesu naye siku ya tatu akatoka kaburini, halafu akapanda mbinguni. Ngojeni mvua, mtaona vile vitu hutoka. Kisha tukapanda maharagwe, kila mtoto na kopo lake.

"Pigapiga mchanga polepole," nikawaambia. "Usikaze sana, ndiyo iweze kutoka."

Kulikuwa na msichana mmoja, mdogo kuliko wote. Kwao wanaongea Kiturkana. Kiswahili chote alichokuwa nacho alikitoa kwangu. Mama yake alikuwa amezikwa juzijuzi, nyuma ya nyumba ya nyanya yake, kule mji unapoishia. Akashika kopo lake akaniuliza, "Ticha, na mama yangu walipanda?"

"Walimzika," nikasema.

"Kwa mchanga?"

"Ndiyo."

"Si hiyo ni kupanda."

Kijana wa mbele akacheka. "Mtu si maharagwe, wewe."

Nilimgeukia huyo kijana na maneno ambayo nasari haifai kusikia. Mtoto wangu hachekwi nikiwa hapo. Nilipomaliza kufoka, msichana alikuwa ametulia, kama mtu ameshajibiwa.

Wiki haikuisha kabla ya nyanya yake kunishika sokoni.

"Mwalimu, umeambia huyu mtoto nini? Maji ya kunywa hanywi. Anabeba kikombe anaenda kumwagia mama yake."

"Shosho, mimi nilifundisha maharagwe."

"Basi kuja umwambie maharagwe ni maharagwe. Mimi akiniangalia hivyo, mdomo inakataa."

Nikaahidi. Lakini mvua ikanitangulia. Ilianza wiki ya Pasaka yenyewe, ikapiga mabati siku baada ya siku. Jumapili tulipotoka ibadani nikaifuata ile njia ya matope, maneno yangu nimeyapanga vizuri. Msichana alikuwa amesimama kando ya njia na kikombe chake. Akanivuta mkono.

"Ticha, kuja uone. Ametoka."

Kaburi jipya likipata mvua ya kwanza hushuka. Hiyo najua, kila mtu anajua. Lile tuta lilikuwa limeingia ndani, shimo la urefu wa mtu, msalaba umelala ubavu. Pande zote nyasi changa imeanza, laini kama nywele za mtoto.

Naapa niliamini. Niligeuka kuangalia nyumba, nione kama kuna mwanamke amesimama mlangoni anapangusa matope miguuni.

Aliyekuwa mlangoni ni nyanya. Lakini mpaka wa leo, mvua ya kwanza ikigusa mabati, mimi huangalia mlango.

Nikachuchumaa. "Sikiza. Mchanga imeshuka tu, ni maji imeiangusha. Mama yako bado yuko hapo chini."

Akaangalia shimo, akaangalia kikombe. "Na nilimpea maji kila siku."

"Najua."

"Sasa mbona amekataa?"

Mimi naongea. Kanisani wananiita redio. Siku hiyo nilikunja mikono ya nguo tu, nikashika mchanga. Nyanya alikuja na jembe. Tukaanza kurudisha mchanga, yeye kwa jembe, sisi wawili kwa mikono. Tuta liliposimama tena, nyanya akageuza jembe ili alipige lishikane.

Msichana akamshika mkono.

"Polepole, nyanya," akasema, kwa Kiswahili changu. "Usikaze sana."

Nyanya akaniangalia. Akaweka jembe chini.

Hatukukaza.