Kiganja cha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, amekereza chuma miaka ishirini na minane. Tunamwita Unywele, maana ukimmiminia chai atakuambia imepungua unywele mmoja. Mimi nafagia karakana anayofanyia kazi, kwa hiyo vituko vyake vyote ninavyo.

Mwaka jana ililetwa mashine inayoyeyusha unga wa chuma na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kisha humohumo ndani inashusha kisu na kukereza. Akapewa yeye. Akavimba kichwa mpaka mdogo wangu akanipigia simu: "Dada, njoo umchukue."

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti ya pampu, ule mti wa chuma unaozunguka ndani yake. Ndani ya mashine kipimo sawasawa. Kesho yake inacheza kwenye beringi kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Ya pili vilevile. Msimamizi akasema bila kupandisha sauti, "Ya tatu ikiharibika, mzee, utakwenda kufunga maboksi. Mashine nampa mwingine."

Siku ya shafti ya tatu Unywele hakuwa na utani. Mashine ilipomaliza kupanga chuma, akafungua mlango, akaweka kiganja juu ya shafti.

"Imepoa. Tukate."

Nilikuwa nafagia miguuni pake. Nikaigusa kwa mgongo wa mkono, nikaruka.

"Imepoa wapi, shemeji? Hii ni pasi!"

"Shemeji, wewe na ufagio, mimi na mashine."

"Haya, lete hicho kiganja." Nikakigonga kwa ukucha: ko, ko, kama ubao. "Hiki kilikufa zamani. Ukishika kaa la moto utauliza mbona baridi."

 Akaitazama shafti, akatazama kiganja. Chuma cha moto huwa kimevimba. Ukikikata hivyo, kikipoa kinasinyaa chini ya kipimo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Akafunga mlango, akavuta kiti.

Tulisubiri kwa muda wa saa mbili hivi. Msimamizi akapita mara tatu akiangalia saa yake. Mara ya tatu nikamwambia ananichafulia sakafu. Nikagusa tena. Baridi.

"Sasa kata."

Kesho yake shafti ikaingia kwenye beringi polepole, ikatulia. Msimamizi akaizungusha kwa kidole, akaguna, akaenda zake. Kwake kuguna ndiyo hongera.

Unywele akaomba anunuliwe kipimajoto, akakipata. Ila bado ananiita, eti kuhakikisha tu. Nami naenda kwa mwendo wa bibi harusi, azoee kusubiri.