Kiingereza cha Baba Kilichopitia Urusi

Baba yangu hakujifunza Kiingereza kama wenzake. Ujanani alipelekwa Urusi kusomea injini za meli, akafundishwa kila kitu kwa Kirusi, na Kiingereza chenyewe akakipata huko kupitia riwaya moja yenye jalada la bluu. Hadithi yote ni ya Kiingereza. Nyuma kuna kurasa za msamiati: neno la Kiingereza kushoto, maana yake kwa Kirusi kulia. Kiswahili hakimo hata nukta.

Riwaya hiyo ndiyo niliyosomea usaili. Nilikuwa nimechoka, hilo niliseme mapema. Miaka tisa nimesimama kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, buti za mpira miguuni, vidole vimekufa ganzi. Nafasi ya msimamizi wa ubora ilipotangazwa, niliona ndio mlango wangu wa kutoka kwenye ile baridi. Tatizo usaili ulikuwa wa Kiingereza, mbele ya wanunuzi wa nje, na Kiingereza changu cha sekondari kilikuwa kimebaki salamu.

Simu ninayo, na kamusi imo. Lakini Baba alikuwa amestaafu, Mama ametangulia, na hakuna aliyemuuliza lolote tena zaidi ya kama amekula. Nilipomwomba anifundishe, siku ya kwanza nilimkuta amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Basi kila Jumapili baada ya misa nikawa napanda kivuko kwenda kwake Kamanga.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Kaunta buku umeleta?"

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Mimi nilisoma neno la Kiingereza kwa kadiri ya ulimi wangu. Yeye alisoma Kirusi chake kwa sauti, akafumba macho, akaleta Kiswahili. Kisha alisema, "Andika." Nami nilimsumbua kwa maswali, na kila neno likaja na mkia wake. Tulipofika kwenye neno la theluji alinisimulia walivyovuka mto kwa miguu, mto mpana, maji yamekuwa sakafu, na yeye mtoto wa mvuvi akashindwa kuinua mguu kwa hofu hadi wenzake wakamshika mikono. Nilicheka mpaka nikausahau uchovu.

Mwezi wa pili maana zikaanza kumpotea. Tulifika kwenye neno la Kiingereza la kuganda, ambalo mimi nalisoma kila siku kwenye maboksi ya kiwandani. Akakitazama Kirusi chake kwa muda mrefu, akafumba macho.

"Kuchemka," akasema. "Andika."

Nikaandika. Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake, sembuse baba aliyeshika kitabu. Jumapili iliyofuata maneno aliyokosea yakawa matatu, na baada ya hapo niliacha kuhesabu. Niliandika maana zake mbele ya macho yake, kisha kwenye kivuko nikirudi nikatafuta za kweli kwenye simu na kuziandika nyuma ya daftari. Kazi mbili juu ya mwili uliokwisha. Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile. Kwenye usaili niliulizwa samaki wanahifadhiwaje, jambo ninalolifanya kila siku, na maana za mbele ya daftari zikagombana na za nyuma hadi nikanyamaza kabisa. Barua ya kunishukuru kwa kushiriki ilikuja kabla ya wiki kwisha.

Jumapili hiyo nilikwenda Kamanga nimejipanga kudanganya. Nilimkuta na lile shati lake.

"Umepata?"

"Bado hawajajibu, Baba."

Akanyoosha mkono, akachukua kaunta buku kabla sijaizuia, akaifungua nyuma. Alisoma ukurasa mzima wa maana nilizotoa kwenye simu, polepole, kidole chini ya kila mstari. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilikuwa nakisia," akasema. "Herufi nazisoma, maana haiji. Nikasema ngoja nikisie, mtoto ataniambia."

"Ningekwambiaje, Baba?"

"Mwanzoni ulikuwa unauliza mpaka unanichosha. Halafu ukaacha, ukawa unaandika tu. Ulipoacha kuuliza, mama, ndipo nilipojua nimekwisha."

Nilidhani nimemheshimu. Kumbe Jumapili zote zile nilikuwa namwacha peke yake, nimekaa naye meza moja. Niliona aibu, na sikuwa na nguvu hata ya kulia.

Nikafungua riwaya nyuma, nikalitafuta lile neno, nikamwekea kidole.

Alisoma Kirusi chake kwa sauti. Akafumba macho.

"Kuchemka?"

Nilikuwa sijawahi kumwambia baba yangu neno hapana.

"Hapana, Baba. Si kuchemka. Ni kuganda. Kama ule mto."

Hakufumbua macho. Kisha nikaona miguu yake, ndani ya kandambili, inajivuta nyuma taratibu chini ya kiti, kama iliyogusa barafu.

"Andika," akasema.