Mke wa Mama

Baba alipofariki, mama alibaki na sisi wasichana wanne na shamba moja upande wa Kathonzweni. Lilikuwa la mteremko. Mvua ikinyesha, udongo ulikwenda wote mtoni. Mama na wanawake wa kikundi chake walichimba matuta kwa sululu, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka mbaazi na kunde zikaanza kushika. Ndipo baba mdogo akalikumbuka shamba la ndugu yake.

Wazee wa ukoo waliitwa. Wao walikaa vitini, sisi chini.

"Una watoto wangapi?" mmoja alimwuliza mama.

"Wanne."

"Nauliza wale watakaobaki hapa."

Mimi ni mtu wa aibu, hata shuleni sikuinua mkono, lakini siku hiyo nilisema, "Mimi nitabaki. Sitaolewa."

Baba mdogo alicheka. "Huyu? Salamu tu zinamshinda, ataweza kujibu ukoo?"

Wazee nao walicheka. Kisha wakampa mama njia ya zamani ya Wakamba: aoe iweto. Yaani yeye mwanamke alipe mahari, alete msichana nyumbani, na msichana huyo azae na mwanamume atakayempenda, watoto waitwe wa marehemu. Mvulana akipatikana, shamba litabaki. Asipopatikana, litakwenda kwa baba mdogo.

Mama hakubishana. Alikuwa amechoka. Mbuzi walioletwa dada yangu mkubwa alipoolewa walikuwa bado zizini. Hao ndio waliopelekwa Matiliku kuwa mahari, na msichana akaja. Alikuwa wa umri wangu. Kanisani mama alizuiwa meza ya Bwana kwa sababu hiyo, akawa anakaa benchi la nyuma.

Mtoni, tulipofukua mchanga mkavu ili tuchote maji, wanawake walimtania.

"Bwana harusi, mbona unabeba maji mwenyewe? Mkeo yuko wapi?"

"Amelala," mama alijibu. "Nimeoa mrembo, nyinyi mna wivu."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Mama pia alicheka, kidogo.

Siku moja tulipokuwa tukipalilia, yule msichana aliniuliza, "Na nikizaa msichana?"

"Utazaa tena."

"Na huyo pia akiwa msichana?"

Nilihamia mstari mwingine na jembe langu.

Alizaa mvulana. Wazee walikuja tena, wakala, wakamwonyesha baba mdogo mpaka wa mikonge na kumwambia kwamba sasa shamba lina mwenyewe. Aliitikia, akaenda zake. Mama aliwashukuru wazee, akawasindikiza hadi barabarani.

Huyo mwenyewe wa shamba hakuwa ameota hata jino. Mama yake alimfunga mgongoni kwa leso, kisha yeye, mama na mimi tukashuka kupalilia shamba lake.