Noti kwenye Paji la Shaba

Jirani yangu hapa Mtoni, Adelina, mama Hope, aliolewa na mwanamuziki na hakuwahi kukanyaga ukumbini hata siku moja. Mtu wa kwaya yule, wa parokiani, na mumewe Cyprian kiongozi wa bendi ya dansi. Mie nilikuwaga sikosi Jumamosi. Cyprian akipuliza tarumbeta, wanawake tunapanda jukwaani kumtunza: unambandika noti kwenye paji la uso, unakata kiuno kidogo, unashuka. Adelina aliyajua yote hayo na hakununa. Alisema tu ukumbi wa pombe si mahali pake, na ukimbishia anaondoka zake.

Cyprian akirudi nyumbani alikuwa akimtania, "Temeke nzima imenitunza, bado wewe." Naye anamjibu, "Subiri." Basi mwanamume akasubiri mpaka figo zikamshinda, tukamzika. Ujane wake wote sikumwona akitoa chozi. Watu wakasema ana roho ngumu. Watu nao wana midomo.

Mwaka huu mashabiki wa zamani wakachangishana, wakasimamisha sanamu ya shaba nje ya ukumbi: Cyprian na tarumbeta, pembeni yake marehemu Jamali na gitaa, aliyekuwa akiongoza naye bendi. Siku ya kuizindua Adelina akanigongea asubuhi, kavaa kitenge kipya.

"Leo namtunza," akaniambia.

Nilitaka kucheka, nikamwona hatanii.

Hotuba zilikuwa ndefu za kuudhi. Diwani alijitaja mwenyewe zaidi kuliko alivyowataja marehemu. Alipomaliza, vijana wa bendi wakapiga wimbo wa Cyprian. Adelina akaomba kiti cha plastiki, akapanda, mie nikashikilia miguu ya kiti. Akaibandika noti pajini. Ikaanguka. Nikaiokota, nikampa. Akaibandika tena, akaikandamiza kwa kiganja kitambo kizima, na alipoondoa mkono ikaanguka tena. Watu wakaanza kuguna. Mmoja akasema kwa sauti, eti aipake mate.

"Mauwa," Adelina akaniambia bila kugeuka, "hatoki jasho."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, amekishika kile kichwa cha shaba kwa mikono miwili. Bendi ikaendelea kupiga kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache. Mie sikumteremsha.