Kufiwa Mara Mbili na Mwana Mmoja

"Mwalimu, safari hii ni kweli." Simu ilianza hivyo, na sikuhitaji kuuliza nani amefariki. Aliyenipigia ni mama mmoja wa Nkowe anayeongoza kikundi cha maigizo kinachozunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa. Aliyefariki ni mwanzilishi wa kikundi hicho, bwana niliyepanga naye nyumba moja mjini Nachingwea enzi zile nikifundisha sekondari. Ameugua muda mfupi, amezikwa kwao Lionja. Jina lake silitaji, maana mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina la mwendesha jukwaa likianza kutajwatajwa, ujue kuna jambo limeharibika. Nililia, nisiwafiche. Lakini nilipokata simu nilijikuta nimeshusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na wiki nzima nimekuwa nikijiuliza nafuu hiyo imetoka wapi mbele ya msiba. Nadhani nimeipata, ila mnivumilie, kwani inabidi nianzie mbali.

Tulifahamiana mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa ametoka chuo cha sanaa huko pwani na cheti chake cha maigizo na uendeshaji wa vikundi, akajikuta hana wa kumwonyesha. Baba yake alikuwa mkulima wa korosho, tena mkulima hasa, na miaka ile mikorosho ilikuwa ikisumbuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Mzee alitaka mtoto aliyesomea ukulima, atakayerudi kumwelekeza namna ya kupuliza dawa ya salfa. Akaletewa mtu wa jukwaani. "Ngoma umekwenda kuisomea?" alimuuliza mbele yangu, siku tuliyokwenda kumwamkia. "Hapa Lionja nani asiyejua kucheza? Hata mbuzi wangu ukimpigia ngoma anatikisika." Mwenzangu akacheka, akajibu kwa adabu kwamba yeye hachezi, yeye anafanya ngoma ichezeke. Mzee akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyemharibia mtoto. Tangu hapo, akiulizwa mwanawe anafanya nini, alikuwa akijibu kwamba bado anatafuta kazi. Jibu hilo lilimuumiza rafiki yangu kuliko matusi. Aliniambia mara nyingi kwamba kitu kimoja tu anachokitaka duniani ni kumsikia baba yake akiita kazi yake kazi.

Na ilikuwa kazi. Nilimwona akienda kwa baiskeli hadi serikali ya kijiji kuomba uwanja. Alijua kwamba ukipeleka mchezo wakati wa kuvuna ufuta utawachezea kuku, na kwamba msimu wa jando una ngoma zake ambazo hupaswi kuzishindania. Aliamua ugomvi wa wapiga ngoma, akatafuta gari la kuomba lifti, akahakikisha aliyecheza anakula kabla yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini hawakutuambia anayeandaa uwanja atunzwe na nani.

Sasa niwapeleke Chiola, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Ilikuwa likizo, nami nikafuatana na kikundi kwa udadisi wangu tu. Mchezo ulimhusu mwanamume aliyeficha ugonjwa mpaka ukamuua, na ulimalizika kwa maziko. Kijana aliyetakiwa kulala kitandani kama maiti akakataa dakika za mwisho. Alisema kujilaza hivyo ni uchuro, atakuja kuitwa kweli. Wenzake wote wakarudi nyuma. Basi mwendesha kikundi akavua viatu, akajilaza kwenye kitanda cha kamba, akafunikwa shuka mpaka shingoni. Kwa kanuni yake, pengo likitokea, mwenye kikundi ndiye anayeliziba.

Kitanda kiliponyanyuliwa, wazee wawili na mama mmoja wakatoka katikati ya watazamaji, wakashika miguu ya kitanda. Walikuwa watani wa ukoo wake, na mnajua kwetu kusini mtani hakai kimya maiti ya mtani wake inapopita, iwe imekufa au haijafa. "Ng'o! Hapiti mtu hapa!" mmoja akafoka. "Huyu alituahidi jogoo. Amlete kwanza huyo jogoo ndipo azikwe!" Yule mama akaongeza kwamba mtani wao ni mvivu, hata kufa anakufa kwa kulala. Watu wakaangua kicheko, waigizaji wakaduwaa. Ningekuwa mimi, ningeinuka niseme jamani tunaigiza. Yeye hakutikisa hata kidole. Alimwachia jukwaa binti wa Nkowe aliyeigiza mjane, aliyekuwa mgeni kabisa katika kikundi. Binti akajifuta machozi, akawageukia watani: "Jogoo wenu nilimchinja kumpikia mchuzi, maana hakutaka nimpeleke hospitali. Nanyi watani zake mlijua anaumwa, mkanyamaza. Zidaini nafsi zenu." Yule mzee aliyedai jogoo akaachia mguu wa kitanda na kuinamisha kichwa, na sijui mpaka leo kama naye alikuwa akiigiza.

Sasa, alikuwepo mchuuzi mmoja wa samaki wakavu aliyekuwa akipita na baiskeli yake. Huyu aliufahamu uso wa mwenzangu na alipafahamu kwao. Kama angeona waigizaji peke yao angejua ni mchezo. Lakini aliwaona watani wameshika kitanda, na kwa akili yake, ambayo ingekuwa akili ya yeyote kati yetu, mtani haendi kwenye igizo, huenda msibani. Akapiga pedali moja kwa moja hadi Lionja kupeleka habari.

Asubuhi yake tulikuwa tumekaa barazani kwa wenyeji wetu, tunakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, zikatokea baiskeli za kutoka Lionja. Mbele alikuwa mzee, macho mekundu, na kwenye kibebeo chake amefunga kitambaa kipya cheupe. Ilikuwa sanda. Mwanawe akasimama na kipande cha muhogo mkononi. Mzee alipomwona, baiskeli ikamponyoka ikaanguka.

"Wewe si umekufa?"

"Hapana, Baba. Nilikuwa kazini."

Niliogopa atampiga. Badala yake mzee aliketi chini palepale mavumbini, akacheka huku akilia. Ndugu yake mdogo aliyekuja naye akatueleza kwamba njia nzima mzee alikuwa na neno moja tu: "Ntoto wangu kafa, nami sijamwambia hata siku moja kwamba ana kazi." Mzee aliposikia siri yake imetoka hakukana. Alimwita mwanawe akae karibu, akamwambia mbele yetu sote: "Umenitoa Lionja nalia, na hakuna aliyekufa. Hiyo kazi. Nilikosea." Kisha akafungua sanda akamkabidhi. Kurudi nayo nyumbani aliona si vizuri, na kikundi kilikuwa kinahitaji kitambaa cha kufunikia maiti wake wa maigizo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nimewahi kulalamika hapa kwamba shuleni tunawaonyesha watoto njia chache mno. Daktari, mwalimu, bwana shamba, basi. Mtoto mwenye kipaji cha kupanga watu tunamwita mpiga domo. Siku hizi televisheni imefika mpaka Ruangwa mjini, na vijana wengi wanataka sanaa, lakini wanataka ile ya kuonekana. Anayetaka kujifunza namna ya kuandaa, kusafirisha, kupatana na kuhakikisha jasho la mchezaji halipotei, huyo ni wa kutafuta kwa tochi. Yule binti wa Nkowe aliitaka elimu hiyo hasa. Wazazi wake waligoma. Mnajua nani alikwenda kuwalainisha? Yule mzee wa Lionja, kwa baiskeli yake ileile. "Mimi nilingoja mpaka nikaletewa msiba," aliwaambia. "Ninyi msingoje." Binti akaenda chuo, akarudi, akashika kikundi mwanzilishi alipoanza kuchoka na safari. Katikati ya simu ile aliniambia wana mchezo Chiola baada ya arobaini na uwanja ameshauomba.

Aliniambia pia kwamba watani walizuia jeneza wakimdai jogoo yuleyule, na alicheka na kulia kwa wakati mmoja aliponisimulia. Lakini kilichonituliza mimi kilitokea kabla ya hapo, nyumbani. Wanakikundi walifika na ile sanda ya zamani, wameifua na kuikunja, wakiona ni heshima mwenzao azikwe nayo. Mzee, ambaye sasa haoni vizuri, aliipapasa akaitambua, akaisukuma taratibu.

"Hii ya kazini," alisema. "Irudisheni kazini. Mwanangu nimemnunulia nyingine."

Ndiyo maana nilishusha pumzi. Safari ya kwanza mzee alibeba sanda pamoja na neno alilokuwa hajalisema. Safari hii alibeba sanda tu. Wewe mwenye mwana anayefanya jambo usilolielewa, usingoje mchuuzi wa samaki akosee ndipo upate bahati ya kulisema neno hilo. Mwite leo, umwambie ana kazi.